Nolfa, kondoo kumi na wanne na divai iliyonusurika

Saa mbili asubuhi, Alhamisi Kuu. Ukungu bado umelalia Ziwa Ranco, na Nolfa Paillamanque amekwisha jaza kreti nne. Anakata kichala kwa mkasi, anakigeuza mara mbili mbele ya macho, anakinusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana, kisha anakilaza kwenye kreti taratibu. Vidole vyake vimekuwa vyekundu kwa baridi. Glavu anazo, zimo mfukoni.

"Ukivaa glavu husikii tunda lililoanza kuoza," anasema bila kuinua kichwa. "Mkono lazima uumie kidogo."

Kwenye mstari wa pili, binti yake Yasna, mwenye miaka 31, anavuna huku akitupia jicho magharibi kila baada ya dakika. Redio imesema mvua itaingia leo na itanyesha siku nne mfululizo. Kesho ni Ijumaa Kuu, na hapa kijijini Lelfuco hakuna anayeshika mkasi Ijumaa Kuu hata mbingu zikitaka kuanguka. Kwa hiyo ni leo, au basi tena.

"Mama, imebaki mistari mingapi?"

"Usihesabu. Kata."

Nolfa ana miaka 58 na shamba la mizabibu la hekta moja na robo, mistari thelathini na miwili juu ya kilima kinachotazama kaskazini, upande ambao jua la huku kusini mwa Chile hukaa muda mrefu kidogo. Zabibu zake ni za aina ya pinot, nyeusi, ndogo, zenye ngozi nyembamba. Haajiri mtu. Kazi ya shambani ni yake, kazi ya mapipa ni ya Yasna, aliyesomea utengenezaji wa divai katika mji wa Chillán akarudi nyumbani wakati wenzake wote walikwenda kwenye makampuni makubwa ya kaskazini.

Divai ya nchi ya baridi si ya kila mtu. Ni nyepesi, ina uchachu, na kileo chake ni kidogo. Wanaoipenda wanaipenda kwelikweli. Wasioipenda, kama kaka yake Nolfa, aitwaye Baldemar, wanasema ni siki iliyobandikwa karatasi ya maua.

"Watu wa huku tumezaliwa na chicha, pombe yetu ya tufaha," anasema Baldemar, mwenye miaka 64, mfugaji wa nguruwe na mtu asiyeficha kitu. "Mama alipoleta vile vijiti vya mizabibu kwenye gunia lililoloweshwa maji, nilidhani ni kuni."

Mama yao, marehemu Uberlinda, alipanda vile vijiti miaka kumi na saba iliyopita, akiwa mzee tayari. Kijiji kizima kilimcheka. Aliwaachia watoto wake wawili kilima, mizabibu na namna yake ya kufanya kazi, ambayo Nolfa anaifuata hadi leo bila kuipunguza wala kuiongeza.

Namna yenyewe haina sumu hata tone. Badala ya dawa, mizabibu inanyunyiziwa maji ya jibini, yale yanayobaki maziwa yakishaganda, kutoka kwa jirani mtengeneza jibini, doña Ercira, yaani Bi Ercira, ambaye zamani alikuwa akiyamwaga. Yanazuia magonjwa ya majani. Tatizo ni kwamba mwezi wa Desemba shamba zima linanuka kama jikoni kwa doña Ercira, na mgeni akija anatazama viatu vyake kwanza.

Dawa ya shaba, ambayo wakulima wengine wa divai safi wanaitumia, Nolfa haitaki kuisikia. Shaba inaua kondoo, na bila kondoo hana shamba.

Kondoo ni kumi na wanne. Wanaingizwa kwenye mizabibu baada ya zabibu kushika, zikiwa bado ngumu na kali kupita ndimu. Hawazigusi. Wanachotaka ni majani, na wanayala hadi pale shingo zinapofika, ambapo ndipo hasa vichala vinaponing'inia. Wakimaliza, upepo wa ziwa unapita katikati ya mistari na kukausha umande. Zabibu isiyopata upepo huku inaoza, hilo kila mtu analijua.

"Wafanyakazi wangu hawadai bima," Nolfa anatania. "Wanadai chumvi tu."

Anayewaongoza ni jike mzee mwenye uso mweupe. Wamempa jina la Meya, kwa sababu hafanyi kazi sana lakini lazima atangulie kila mahali.

Kanuni ya kuwaingiza na kuwatoa aliiweka mama. Waingie sikukuu ya Mtakatifu Sebastiani, tarehe 20 Januari. Watoke Jumatano ya Majivu. Uberlinda hakuwa na vitabu vya kilimo. Alikuwa na watakatifu wake, na walimtosha. Kanuni hiyo ndiyo iliyotaka kumtia mwanawe matatani mwaka huu, tena mwaka mbaya kuliko yote ambao angeweza kukosea.

Kwa sababu mwaka huu Nolfa alikuwa amempa kaka yake mkono wa mapatano.

Baldemar si mtu mbaya, na Nolfa mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Ana magoti mabovu na paa linalovuja vyumba viwili kati ya vitatu. Miaka mitatu iliyopita ilikuja kampuni inayopanda miti ya avellano, ile ya njugu za kutia kwenye chokoleti, ikataka kukodi kilima chote kwa miaka ishirini, pesos milioni mbili na nusu kila mwaka. Mizabibu, baada ya gharama zote, mwaka jana iliwaachia milioni moja na laki mbili, na hizo waligawana.

Ndugu hao walibishana miaka miwili. Mwishowe walipatana jikoni kwa Nolfa, mbele ya Yasna. Mavuno ya mwaka huu yakitoa chupa mia tisa, na mwenye mgahawa mmoja wa mji wa Valdivia akizichukua zote kama alivyoahidi, Baldemar atamkatalia mtu wa kampuni. Zikipungua, mwisho wa Aprili wote wawili wanasaini, na trekta linapanda kilimani kung'oa.

Mwenye mgahawa naye alikuwa na masharti yake. Hataki sumu, hataki zabibu zilizooza, na kileo kisipungue asilimia kumi na moja. Katika baridi ya Lelfuco, kumi na moja si kitu cha kuahidi ukiwa na akili timamu. Nolfa aliahidi.

Halafu ikafika Jumatano ya Majivu.

"Tulitoka kanisani saa nne," anasimulia. "Nina majivu hapa kwenye paji, nimefunga, nina amani yangu ya rohoni. Nasema nikifika nawatoa kondoo, naketi, basi. Nafika getini, Meya huyo amesimama ananingoja. Midomo ya zambarau! Kama mtu aliyeiba rangi ya mdomo ya binti yangu."

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutambua jambo dogo, kwamba Jumatano ya Majivu inahama. Mwaka jana iliangukia katikati ya Februari. Mwaka huu iliangukia tarehe tano Machi. Miaka mingine iliyochelewa hivyo, zabibu nazo zilichelewa kwa baridi, kwa hiyo kosa halikuonekana. Safari hii Januari iliwaka jua, zabibu zikaanza kugeuka rangi na kupata utamu mapema, na kondoo walikuwa bado ndani. Kondoo akishaonja tamu, hana habari na jani tena.

Yasna alipita mstari kwa mstari na daftari. Katika mistari ishirini na sita waliyoingia, theluthi moja ya vichala ilikuwa imekwenda. Mistari sita ya juu, iliyozungushiwa seng'enge kwa sababu ya mteremko mkali, ndiyo pekee iliyobaki nzima.

Nolfa aliketi chini, pale pale kwenye udongo, na sketi yake ya kanisani.

Baldemar alipopata habari alikuja kwa miguu. Alizunguka shamba lote, mikono nyuma. Akarudi akasimama mbele ya dada yake.

"Haya, dada. Wewe umefunga, kondoo wamefungua."

"Toka shambani kwangu."

"Kwetu."

"Toka, Baldemar, kabla sijakukosea heshima siku ya majivu!"

Hawakusemeshana kwa wiki nzima. Lakini Nolfa anakiri kwamba hasira yake kubwa haikuwa kwa kaka. "Nilimkasirikia mama. Nilikwenda hadi makaburini. Nikamwambia, mama, kalenda gani hii uliyotuachia? Nikarudi nimeona haya, maana kalenda haina kosa. Mimi ndiye nina macho, na zabibu ziko hatua ishirini kutoka jikoni kwangu."

Kwaresima yote aliishi roho mkononi. Baada ya joto la kiangazi, mwisho wa Machi ulileta mvua za baridi, siku tano, kisha jua la siku moja, kisha siku sita nyingine. Ng'ambo ya ziwa mashamba mawili yalianza kuoza. Habari zilifika kwa doña Ercira, na zikishafika kwa doña Ercira zimefika kila nyumba.

Hapo ndipo Baldemar alirudi, na dumu la dawa mkononi. Kwa namna yake alikuwa anataka kusaidia.

"Piga hii mara moja tu. Itazuia kuoza. Nani atajua?"

"Kondoo watajua. Wakirudi baada ya mavuno watakula majani gani?"

"Wewe na kondoo wako! Wamekula divai yako, bado unawahurumia?"

"Na yule bwana wa Valdivia nimemwambia hakuna sumu."

"Yuko Valdivia. Atajuaje?"

"Mimi nitajua. Nitakuwa namtazama usoni nikijua. Unanijua, Baldemar, siwezi kudanganya hata kwenye karata."

"Ndiyo maana huwa unaliwa," alisema kaka, akaliacha dumu getini.

Lilikaa pale siku tisa. Yasna, anayesimulia sehemu hii akiwa mbali na masikio ya mama yake, anasema alikwenda kulitazama mara mbili. Mara ya pili alikwisha fungua kifuniko.

"Nilikuwa nafikiria mama akiona trekta linang'oa mizabibu aliyopanda bibi. Nikasema, dhambi hii niibebe mimi, yeye asijue. Mara doña Ercira huyo anapita na ndoo zake za maji ya jibini. 'Unafungua nini hapo, mwanangu?' Nikamwambia sifungui, nafunga. Nikafunga kweli. Nikambebea ndoo moja hadi juu, tukanyunyiza."

Siku chache baadaye, Yasna aliingia shambani na kipimo cha sukari, kile kijibomba kidogo unachotia tone la juisi na kukitazama kwenye mwanga. Alianza na mistari sita ya juu, ile ambayo kondoo hawakuigusa. Kipimo kilionyesha kwamba divai yake isingefika hata asilimia tisa. Vichala vilikuwa vingi, vizuri kwa mbali, na ndani vimeanza kuota uozo wa kijivu.

Akaingia mistari ya chini, iliyoliwa. Kumi na nukta mbili.

Akakifuta kipimo kwa shati. Akapima mstari mwingine. Kumi na nukta tatu. Akadhani kimeharibika, akarudi juu kukijaribu, akashuka tena mbio.

"Mama alikuwa anaanika nguo. Nikampa kipimo, nikamwambia, soma wewe, mimi macho yangu siyaamini leo."

Yasna anaeleza jambo lenyewe kwa maneno mepesi. Mzabibu wenye vichala ishirini una watoto ishirini wa kulisha, na jua la huku ni la mgao. Kondoo walipopunguza midomo, vichala vilivyobaki vilikula vikashiba. Tena walipokuwa wakihangaika kutafuta tamu walisafisha majani ya pale chini kuliko mwaka mwingine wowote, upepo ukapita, zabibu zikakauka haraka kila mvua ilipokoma. Wakulima wenye fedha hulipa watu kuangusha sehemu ya vichala chini ili vingine viive. Nolfa hakuwahi kuwa na moyo wa kukata zabibu nzima na kuitupa. Meya alikuwa nao.

"Sikucheka wala sikulia," anasema Nolfa. "Niliogopa zaidi. Mtu akiwa amekata tamaa anapumzika. Ukimrudishia tumaini, ndipo kazi inapoanza."

Kazi ilikuwa kungoja. Kila siku ya jua iliongeza kidogo; kila siku ya mvua ilitishia kuharibu vyote. Jumatatu ya wiki hii kumi na nukta nane. Jana, kumi na moja na nukta moja. Yasna alitaka wavune jana hiyo hiyo. Nolfa alitafuna zabibu moja, akaitema mbegu kiganjani, akaitazama rangi yake.

"Bado siku moja," alisema.

Ndiyo maana leo mikasi haipumziki.

Saa nne linasikika trekta likipanda, ile ngurumo yenye kikohozi ambayo kijiji kizima kinaijua. Baldemar anashuka taratibu, mguu mmoja kisha mwingine.

"Nimekuja kuangalia tu," anasema.

"Angalia ukiwa na mkasi," Nolfa anamjibu.

Kwa kuwa magoti hayampi ruhusa kuinama, Baldemar anageuza kreti tupu na kulikalia. Anakata anavyofikia, anasogeza kreti, anakaa tena. Anaenda hivyo mistari mitatu mizima. Saa saba doña Ercira anawaletea mkate wa nyumbani, viazi na jibini, wanakula wamesimama. Upande wa magharibi ziwa limegeuka rangi ya risasi.

Kreti la mwisho linaingia ghalani saa kumi na moja jioni. Mvua inaanza wakati Yasna bado anafunga mlango, matone makubwa, ya kwanza yakipiga bati moja moja.

Wanapima. Kilo elfu moja mia tatu na arobaini za zabibu safi kutoka mistari ya chini. Ile sita ya juu, iliyopona kondoo, karibu yote imeoza. Zabibu zake zitakwenda kwa nguruwe wa Baldemar. Yasna anapiga hesabu kwenye ubao, anafuta, anapiga tena.

"Chupa mia tisa na arobaini, kasoro zile mtakazokunywa jikoni. Kileo kumi na moja na nukta nne."

Nolfa anavua buti, anaketi kwenye kizingiti cha ghala, anajifunika uso kwa mikono yake yenye kunata, na analia kwa sauti, bila kujali mwandishi wa makala haya wala kaka. Ni kilio cha mtu aliyetua mzigo. Baldemar anasimama kando yake, hajui aweke wapi mikono, mwishowe anamvulia koti lake na kumtupia begani.

"Lia, dada. Lia yaishe."

Wiki tatu zimepita. Divai imemaliza kuchachuka na sasa imetulia mapipani, na ghala linanuka matunda na chachu. Mwenye mgahawa alikuja Jumanne baada ya Pasaka, akaonja kutoka kwenye bomba ikiwa bado inachachuka, akazunguka shamba kutafuta alama za sumu, akakuta kondoo wamesharudi na wanatafuna majani yaliyobaki. Alisaini kuchukua chupa zote, mwaka huu na miaka miwili ijayo.

Siku mbili baadaye mtu wa kampuni alipiga simu. Baldemar aliipokea jikoni kwa Nolfa, akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Hapana, bwana," walimsikia akisema. "Kilima kina shughuli."

Alipoulizwa kama huruma ndiyo iliyombadilisha, Baldemar alikasirika kidogo. "Huruma gani? Nilisema mia tisa. Zingekuwa mia nane na tisini, ningesaini na ningelala usingizi mzuri." Na divai yenyewe, ameionja? "Nimeionja. Bado ni kali. Nipe chicha yangu." Paa lake, hata hivyo, litapigwa bati mwezi ujao kwa malipo ya kwanza ya mgahawa. Nolfa ndiye aliyetaka hivyo.

Kanuni ya Uberlinda imebaki nusu. Kondoo wataingia kwa Mtakatifu Sebastiani kama kawaida. Kutoka kwao kutaamuliwa na macho. Na vichala vya ziada Yasna atavipunguza mwenyewe kwa mkasi, Machi ikifika, huku mama yake akiwa ameahidi kukaa ndani asione.

Lakini kinachomfanya Nolfa atabasamu siku hizi hakimo mapipani. Amenyoosha kamba kwenye sehemu ya juu ya kilima, pale palipokuwa na majani matupu ya malisho, na ameanza kuchimba mashimo ya mizabibu mia tatu mipya. Vipandikizi vitakatwa Agosti. Zabibu za kwanza zitapatikana mwaka wa nne, yeye akiwa na miaka 62.

"Miaka mitatu yote hii sikupanda hata kijiti," anasema, akijipangusa udongo kwenye aproni. "Mzabibu ukifa, naacha pengo lake. Unapandaje mahali unapojua huenda trekta linakuja? Hata kamba mpya niliogopa kununua."

Kaka yake alipita jana, akayaona mashimo, akamuuliza kwa nini anajichosha kuchimba sasa wakati miche ni ya Agosti, ana haraka gani.

"Nikamwambia, Baldemar, nachimba matatu kwa siku, nikichoka nakaa natazama ziwa. Sina haraka. Miaka mitatu nilikuwa na haraka, hata kulala nililala kwa haraka." Anacheka, anaegemea jembe. "Sasa sina."